Kulinda kasa visiwani kusiwe kwa wageni wenye dola peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba haya mambo ya watu kwenda visiwani wakati wa likizo kujitolea kulinda mazingira ni starehe za wazungu waliokosa cha kufanya, na kwamba Mtanzania mwenye akili timamu hawezi kutoa nauli yake akaenda kuokota takataka za watu asiowajua. Mimi ni mhasibu, nakaa Tabata, na likizo yangu ya mwaka huu nimeimalizia Juani kule Mafia nikifanya hayohayo anayoyacheka, na akili zangu nadhani bado ziko sawa ingawa mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo.

Kuna sehemu nakubaliana nae na nitafika huko. Ila kwanza nimwambie huyo ndugu kazi yenyewe ikoje maana inaonekana hajawahi kuiona.

Kwa asiyeijua Juani, ukishuka Kilindoni, bandari ya Mafia, unakata kisiwa kizima kwa bodaboda mpaka Utende, hapo unapanda boti unavuka ghuba ya Chole, upande wa pili ndo kuna vile visiwa vidogo vyenye watu, Chole, Juani na Jibondo. Juani wengi wanaijua kwa magofu ya Kua, ule mji wa zamani uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska kwenye karne ya 19. Sasa ukivuka kutoka upande wa kijiji kwenda mashariki, kule kunakotazama bahari kuu, hakuna mtu anayekaa, ni majabali ya matumbawe na vipande vya mchanga vimejificha katikati yake, njia ni kichaka chenye mawe yanayokata, ndala sahau, lazima raba. Hapo ndo kasa, wale kobe wa baharini, wanapopanda kutaga. Maji hakuna, kivuli cha kubahatisha, mtandao wa simu unakamata ukisimama sehemu moja tu juu ya jiwe na hapo unakuta kuna foleni.

Yote hiyo iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, ilianzishwa 1995 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Hebu fikiria eneo lote hilo, askari wa hifadhi ni walewale na boti inataka mafuta, nani atajua saa nane ya usiku kasa kapanda ufukwe upi? Anayejua ni mtu wa pale kijijini. Ndo maana kuanzia 2001 uliletwa mpango, uliokuja kuwa shirika la Sea Sense, wa kumlipa mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota, afu malipo mengine yanafuata kutegemea mayai yametotoa vipi. Yaani yule aliyekuwa anafukua mayai akala au akauza akapewa sababu ya kuyaangalia miezi miwili kama hela yake iliyoko benki. Mimi mtu wa mahesabu niliipenda hii kuliko hotuba zote za mazingira nilizowahi kukalia kwenye viti vya plastiki nikisubiri soda. Na watalii wanaokuja kuangalia vitoto vikitoka wanalipia, sehemu ya hela inabaki kijijini.

Sasa mtu wa kujitolea anafanya nini hapo. Anaamka kabla ya jua anafuatana na watu wa doria kutafuta njia za kasa mchangani, ya kupanda na ya kushuka, ukiikuta unafuata mpaka mahali alipochimba. Kazi ya kwanza ni kuangalia kiota kimekaa wapi, kama ni chini ya mstari wa maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku zote, basi yale mayai yatazama na yataoza yote, kwahiyo yanahamishwa juu. Na hapo hakuna kukurupuka. Mayai yakishakaa saa kadhaa kijusi kinajishikiza kwenye ganda kwa ndani, ukiligeuza yai umekiua, kwahiyo linatolewa moja moja kwa mkono, lilivyokuwa juu linabaki juu, linashushwa kwenye shimo jipya lenye kina kilekile. Mayai mia na kitu hayo kwa kiota kimoja. Mimi sikuruhusiwa kuyagusa, na ni sawa kabisa, nilichimba shimo, nikashika daftari, nikaandika. Mzee wa doria tuliyekuwa tunamwita Babu alikuwa anaongea pole pole kama anasoma dua: "Mwanangu andika, themanini na tatu. Themanini na nne. Umeandika?"

Babu huyohuyo ndo alinieleza habari ya joto. Kasa hazaliwi dume au jike kwa kubahatisha, ni joto la mchanga, ukiwa wa moto kupita nyuzi 29 hivi wanatoka majike wengi, ukiwa wa baridi wanatoka madume, sasa unapohamisha kiota lazima ufikirie na kivuli. Niliyasoma baadae nikakuta ni hivohivo watafiti wanavosema. Ila yeye alikuwa ananieleza huku anapima kina cha shimo kwa mkono wake, mpaka kwenye kiwiko na kidogo zaidi.

Baada ya siku kama 55 mpaka 60 vitoto vinatoka. Wengi wamewahi kuona video, vinakimbilia majini, watu wanashangilia. Kitu ambacho video hazionyeshi ni kwamba siku chache baadae mnarudi mnafukua kile kiota, mnahesabu maganda matupu, mnahesabu yaliyoharibika, mnahesabu waliokufa njiani, na mkibahatika mnakuta kitoto kimenasa kwenye mzizi bado kizima mnakitoa. Mhariri, yai viza la kuku unalijua, la kasa ni habari nyingine kabisa na yanakuwa mengi. Ila bila hiyo hesabu hakuna malipo ya mlinzi, hakuna ripoti, na hakuna anayejua kama mwaka huu ni afadhali kuliko mwaka jana. Hiyo ndo starehe anayoisema msomaji wetu.

Usiku ni doria tena. Taa hakuna, kama lazima ni tochi ya mwanga mwekundu, kwa sababu kasa akiona mwanga wakati anapanda anageuza anarudi baharini, na vitoto vyenyewe vinafuata mwanga, vikiona taa ya nyumba au simu ya mtu vinaelekea huko badala ya majini na asubuhi kaa na kunguru wanakula. Nilikuta wageni fulani wanapiga picha na flashi wakakatazwa kwa upole, wakaendelea, wakakatazwa kwa ukali. Ukali ulifanya kazi.

Katikati ya hayo yote ndo kuna plastiki. Upande ule unatazama bahari kuu na upepo wa kusi unaleta kila kitu, chupa zenye maandishi ya nchi za mbali, maboya ya nyavu, miswaki, viberiti vya gesi, kamba, na ndala, ndala, ndala, karibu zote za mguu mmoja. Nchi hii imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019 na imesaidia sana, ila bahari haijapewa nakala ya hiyo sheria. Kamba na vipande vya nyavu ndo vibaya kuliko vyote kwa sababu kasa jike anapanda akiwa mzito anakwama hapo, na vitoto vikitoka vinazunguka kwenye zile kamba mpaka jua linavikuta. Bi mkubwa aliyenipokea nyumbani kwake, ambae kila jioni alinipikia samaki wa nazi na mimi nikimlipa hela ya chakula, siku ya kwanza aliniuliza, "Kwahiyo mwanangu umetoka Dar, umelipa kivuko, umekuja kuokota ndala?" Nikamwambia ndio bibi. Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akawatuma wajukuu zake wawili wakanisaidie kubeba.

Wapo watakaosema kasa ana faida gani. Sitaki kuingia sana huko, ila wasomaji watakumbuka Machi 2024 kule Panza, Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Sumu ile haionekani kwa macho na hakuna mapishi ya kuiondoa. Kuvua kasa ni kosa kisheria muda mrefu tu lakini sheria ukiwa Dar ni kitu kimoja, na kitoweo kisiwani wakati bahari imechafuka ni kitu kingine, anayeweza kumzuia mtu hapo ni jirani yake. Na kasa hana haraka, anachukua miaka ishirini, thelathini, mpaka arudi na yeye kutaga, kwahiyo ukiua jike mmoja leo pengo lake hulioni leo wala kesho.

Haya, sasa nije pale ninapokubaliana na msomaji. Kabla ya kwenda nilitafuta kwenye intaneti nikakuta kampuni moja inauza hizi wiki za kujitolea visiwani, picha nzuri, maelezo mazuri, kasa, papa potwe wale wakubwa wapole, machweo. Bei kwa dola. Nikawaandikia nikawauliza kama kuna bei ya Mtanzania, kama vile ilivyo kwenye viingilio vya hifadhi ambapo mwananchi analipa kwa shilingi na mgeni kwa dola. Wakanijibu kwa adabu tu kwamba bei ni moja kwa wote na malipo ni kwa kadi. Mshahara wangu wa mwezi ungeisha hapo na bado ningekopa. Nikarudi kuangalia zile picha vizuri, Watanzania wapo, ila wameshika sufuria na nahodha kashika mtambo wa boti. Wanaoshika daftari la kuhesabu mayai wote wametoka nje. Sasa hapo mtu akisema hii ni starehe ya wazungu nitambishia vipi?

Siwalaumu wageni. Mtu ametoka kwao ametumia hela yake kuja kuhesabu mayai viza kwetu, mimi namshukuru. Ninachosema ni kwamba mlango umetengenezwa mmoja na funguo ni dola, afu sisi wenyewe tunakaa nje tunasema haya mambo hayatuhusu. Mimi niliingia kwa sababu tu kazini kwetu kuna dada wa Kilindoni, akaongea na mjomba wake, mjomba akaongea na serikali ya kijiji, nikaripoti hifadhini nikalipa kiingilio changu cha mwananchi, basi. Asiye na mjomba afanyeje?

Wenzetu wa Shelisheli wana kisiwa kinaitwa Aldabra, kiko mbali hata na wao wenyewe, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kisiwa chao kikuu cha Mahe, yaani kiko karibu na pwani ya Afrika kuliko kilivyo karibu na makao yao makuu. Hakina kijiji, kina kituo cha watafiti tu, kobe wakubwa kama laki moja, na kasa wanataga huko pia. Kiko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1982. Mwaka 2019 walipeleka watu 12 wa kujitolea, vijana wa Shelisheli pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu cha Oxford, wakakaa wiki tano wakatoa tani 25 za takataka. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito ilikuwa nyavu na vifaa vya uvuvi wa meli kubwa, na ndala zimo, kumbe ndala za mguu mmoja ni tatizo la bahari nzima ya Hindi. Watafiti wakapiga hesabu ya zilizobaki wakapata zaidi ya tani 500, na kwamba kuzitoa kunahitaji karibu dola milioni 4.7 na saa 18,000 za kazi ya mikono. Kisiwa ambacho hakuna mtu anayetupa hata kopo!

Nimezitaja hizo saa 18,000 makusudi. Hizo hazinunuliwi na serikali ya nchi ndogo kwa mishahara, hizo ni za watu kujitolea, na wale jamaa walihakikisha vijana wao wamo kwenye timu tangu siku ya kwanza, hawakusubiri wageni wamalize kwanza.

Na hata hapa kwetu mifano ipo, tusijidharau. Kisiwa cha Chumbe pale karibu na mjini Unguja tangu 1994 waliwachukua wavuvi wakawafundisha wakawa walinzi wa matumbawe, hawana bunduki, wanaongea tu na wavuvi wenzao, na wanafunzi wa shule za Unguja wanapelekwa kujifunza. Maziwe, kile kisiwa cha Pangani, zamani kilikuwa na miti na kasa wengi, miti ikaisha, bahari ikala mchanga, leo maji yakijaa sana kinafunikwa, kasa hawajui habari hizo wanaendelea kutaga, kwahiyo watu wa Ushongo wanakwenda kuyachukua mayai wanayahamishia ufukweni kwao. Mtu wa Tanga mjini akitaka kusaidia kazi hiyo Jumamosi moja aanzie wapi? Muulize yeyote, hajui.

Kuna hatari nyingine nataka kuisema kabla sijachoka kuandika. Wakija watu wengi wa bure, kazi ya mwenye nayo inakufa. Babu wa doria anajua ule ufukwe jiwe kwa jiwe, anajua kasa aliyepanda juzi atarudi baada ya wiki mbili hivi kutaga tena, mimi mgeni wa likizo siwezi kuwa badala yake na nisiruhusiwe kuwa badala yake. Wa kujitolea abebe, achimbe, aokote, aandike, apike ikibidi. Malipo ya mlinzi yasiguswe hata shilingi. Na alale kwenye nyumba za watu kijijini alipie, badala ya kuletewa mahema na maji ya chupa kutoka Dar, maana hizo chupa nazo tunajua zinapoishia.

Kwahiyo ombi langu kwa hifadhi, mashirika, na hizi kampuni ni dogo tu. Mtu yeyote anayeuza nafasi za kujitolea ndani ya hifadhi zetu za bahari atakiwe kutenga nusu ya nafasi kwa Watanzania, kwa gharama halisi ya chakula na usafiri, kwa shilingi, na kulipia kwa simu. Msimu ujulikane mapema, kule Mafia vitoto vinatoka kwa wingi kati ya Juni na Septemba, na huo ni muda ambao wanafunzi wengi wa vyuo wanahangaika kutafuta sehemu ya kufanya field, wanaishia kuchemsha chai kwenye maofisi. Wapeni daftari la viota. Kijiji chenyewe ndo kiseme mwaka huu kinataka watu wangapi, na kikisema hatutaki mtu basi iwe hivyo. Na maboss zetu nao, wale wanaopenda kupiga picha wakipanda mti mmoja siku ya mazingira, wachangie mafuta ya boti, hawalazimiki kuja.

Kwa anayetaka kwenda msimu ujao bila kusubiri hayo yote, aanzie ofisi ya hifadhi na ofisi ya kijiji, asiende ufukweni kichwa kichwa. Achukue raba, kofia, glavu za kazi, tochi nyekundu, dawa ya mbu, na hela taslimu za kutosha. Kivuko cha Nyamisati kinachokwenda Mafia aulize ratiba siku moja kabla, na aende asubuhi. Ndugu yangu wa wiki iliyopita kama bado ana likizo haijaisha, awasiliane na Mhariri, nauli ya kwenda nitamchangia nusu. Ya kurudi atajilipia mwenyewe akitaka kurudi.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mhasibu wa Tabata, Dar es Salaam